Jamhuri changa na visiwa vya ng'ambo: namna ya kuandika historia mbadala isiyovuja

Moshi, mgeni akishuka mlimani hakosi kusimuliwa hadithi ya zawadi. Malkia Victoria, inasemwa, alimpa mjukuu wake Kaiser Wilhelm Mlima Kilimanjaro siku ya kuzaliwa, ndiyo maana mpaka wetu na Kenya unapinda pale Taveta. Hadithi ni tamu lakini si ya kweli. Mpaka ule ulitokana na makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886: mstari uanzie pwani kwenye mdomo wa mto Umba, uende Ziwa Jipe, upite kati ya Taveta na nchi ya Wachaga, uuzunguke mlima kwa upande wa kaskazini, kisha unyooke mpaka Ziwa Viktoria kwenye latitudo ya nyuzi 1 kusini. Mwaka huo Wilhelm alikuwa hajawa Kaiser. Alikalia kiti mwaka 1888.

Anayetaka kuandika historia mbadala, yaani habari za jambo ambalo lingeweza kutokea na halikutokea, aanze kwa kuuacha mtindo huo wa zawadi. Nchi huhama mikono kwa karatasi iliyotiwa saini siku fulani na watu ambao kila mmoja alikuwa na lake analolitaka. Ukikosa karatasi, siku na wanachokitaka, utakuwa umeandika ngano.

Mwongozo huu unahusu kazi moja tu: jamhuri changa inapata eneo ng'ambo ya bahari. Mfano wetu mwanzo hadi mwisho ni Jamhuri ya Tanganyika kukabidhiwa Shelisheli, visiwa ambavyo sisi Waswahili tumeviita kwa jina lile lile la tunda linalochemshwa na kukaangwa pwani. Zanzibar haifai kuwa mfano wa kazi hii. Ilikuwa dola kamili ilipoungana na Tanganyika tarehe 26 Aprili 1964, na ukiiandika kama eneo lililopatikana utakuwa umekosea historia ya kweli kabla hujafika kwenye ya kubuni.

Daftari kwanza

Nunua kaunta buku la kwaya 2, kalamu ya bluu, kalamu nyekundu na rula. Kila kurasa mbili zinazotazamana ni mwezi mmoja. Ukurasa wa kushoto andika kwa bluu yaliyotokea kweli mwezi huo. Wa kulia uache mtupu. Jaza kushoto kote, miezi yote, kabla hujagusa kalamu nyekundu. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: wanaanza na nyekundu kwa sababu ndiyo yenye raha, na wakifika sura ya nne wanagundua kwamba waziri waliyemtuma London alikuwa hana ubalozi wa kufikia, kwa kuwa nchi zilikuwa zimekata uhusiano.

Kwa mfano wetu, kushoto lazima pawe na haya kwa uchache:

9 Desemba 1962, Tanganyika inakuwa jamhuri.
1 Mei 1963, Indonesia inakabidhiwa Irian ya Magharibi, nusu ya magharibi ya kisiwa cha New Guinea iliyokuwa ya Waholanzi.
5 Juni 1963, Nyerere, Kenyatta na Obote wanatangaza Nairobi kwamba wanakusudia kuunda shirikisho kabla ya mwaka kwisha.
Julai 1963, Nyerere yuko Washington kwa Rais Kennedy.
10 na 12 Desemba 1963, uhuru wa Zanzibar, kisha wa Kenya.
12 Januari 1964, Mapinduzi ya Zanzibar.
20 Januari 1964, askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, wanaasi. Tarehe 25 wanajeshi wa Kiingereza wanatua kuwazima.
26 Aprili 1964, Muungano.
Julai 1964, wakuu wa nchi za Afrika wanakubaliana Cairo kuiheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni.
8 Novemba 1965, Uingereza inaunda koloni jipya la Bahari ya Hindi kwa kuvikata Chagos kutoka Mauritius, na Aldabra, Desroches na Farquhar kutoka Shelisheli.
11 Novemba 1965, Ian Smith anajitangazia uhuru Rhodesia. 15 Desemba Tanzania inavunja uhusiano na Uingereza.
14 Juni 1966, Benki Kuu ya Tanzania inafunguliwa.
5 Februari 1967, Azimio la Arusha.
18 Novemba 1967, Uingereza inashusha thamani ya pauni.

Itazame orodha hiyo utaona dirisha lako lilivyo jembamba. Jina "Jamhuri ya Tanganyika" lilidumu miezi kumi na sita na nusu tu. Ukilitaka jina hilo kwenye hati ya makabidhiano, saini ziwe kati ya Desemba 1962 na Aprili 1964. Baada ya Desemba 1965 hakuna meza ya kukalia na Mwingereza. Na kati ya Novemba 1965 na Desemba 1965 zimebaki wiki tano ambazo London ilikuwa ikikata visiwa vipya kwa ajili ya kambi za kijeshi, kwa hiyo haikuwa na haja ya kuvigawa.

Kuchagua njia

Zipo njia nne ambazo nchi za kweli zimepata maeneo ng'ambo au mbali na makao yake, na kila moja ina bei yake. Zipime zote kabla hujachagua.

Kununua. Marekani ilinunua Louisiana mwaka 1803 kwa dola milioni 15, Alaska mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2, na visiwa vya Denmark huko Karibi mwaka 1917 kwa dola milioni 25. Tanganyika haikuwa na uwezo huo. Mpango wake wote wa maendeleo wa miaka mitatu, 1961 hadi 1964, ulikuwa wa pauni milioni 24, na sehemu kubwa ilitegemea misaada na mikopo ya nje. Nchi inayokopa ili ijenge shule hainunui visiwa.

Kuteka. India iliichukua Goa kwa jeshi Desemba 1961, lakini Goa imeshikana na India kwa ardhi. Tanganyika ilikuwa na vikosi viwili vya askari wa miguu, kimoja Dar es Salaam na kingine Tabora, wala haikuwa na jeshi la majini. Jeshi lisilo na meli haliteki kisiwa kilicho umbali wa maili za bahari 970.

Kubadilishana. Mkataba wa Julai 1890 ndio mfano wetu wa nyumbani: Ujerumani ikaachia Witu, karibu na Lamu, na kuutambua ulinzi wa Uingereza juu ya Zanzibar, ikapewa kisiwa cha Heligoland. Mafia nayo ikaenda upande wa Wajerumani kwa mapatano hayo hayo. Njia hii inahitaji uwe na kitu ambacho mwenzio anakitaka. Mwaka 1963 Dar es Salaam ilikuwa nacho kimoja tu: ukimya wake, au kelele zake, kwenye Umoja wa Mataifa.

Kukabidhiwa kwa masharti. Hii ndiyo njia tutakayoishika. Azimio nambari 1541 la Umoja wa Mataifa, la Desemba 1960, linatambua njia tatu za koloni kuacha kuwa koloni: kuwa nchi huru, kushirikiana kwa hiari na nchi huru, au kuungana na nchi huru. Njia ya tatu ndiyo mlango wako wa kisheria. Na jamhuri changa zilikwisha kuupitia: kusini mwa Kamerun ya Waingereza walipiga kura Februari 1961 wakajiunga na Jamhuri ya Kamerun tarehe 1 Oktoba mwaka huo.

Mfano wa Indonesia usomeni kwa makini kuliko yote, maana ni jamhuri changa, ng'ambo ya bahari, na miezi ni ile ile. Mkataba wa New York kati ya Uholanzi na Indonesia ulitiwa saini Agosti 1962, Umoja wa Mataifa ukashika utawala kwa muda mfupi, Indonesia ikakabidhiwa Irian Mei 1963, na wenyeji wakaahidiwa kuulizwa baadaye. Walipoulizwa mwaka 1969, waliopiga kura walikuwa wajumbe kama elfu moja waliochaguliwa, kwa nchi yenye watu laki kadhaa. Malalamiko ya kura ile hayajaisha mpaka leo. Kila kitu unachohitaji kwa hadithi yako kimo humo: hati safi, ahadi ya kura, na miaka katikati ya ahadi na kura ambamo mambo huharibika.

Basi badiliko letu liwe moja: tarehe 1 Oktoba 1963 Uingereza, kwa idhini ya Umoja wa Mataifa, inaikabidhi Tanganyika utawala wa Shelisheli kwa miaka mitano, Oktoba 1968 wenyeji watachagua moja kati ya zile njia tatu. Andika sentensi hiyo kwa nyekundu ukurasa wa kulia wa Oktoba 1963, iwekee mstari, na usiongeze badiliko jingine lisilozaliwa nalo.

Kila mtu na lake

Chora safu nne chini ya sentensi hiyo: London, Washington, Dar es Salaam, na Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli. Kila safu ijibu maswali mawili. Anapata nini? Anaogopa nini?

London inaokoa fedha, kwa kuwa visiwa vilikuwa haviwezi kujilisha. Washington ndiyo ngumu. Mwaka 1963 Wamarekani walijenga kituo cha kufuatilia setilaiti juu ya Mahé, na hawangekubali kikae chini ya serikali wasiyoiamini. Kwa bahati ukurasa wako wa kushoto unayo safari ya Nyerere ya Julai 1963. Tumia safari ambayo kweli ilikuwepo, usibuni nyingine. Weka kwenye mazungumzo hayo kifungu kimoja: kituo kinabaki kwa kupangishwa. Kifungu hicho kitakuja kukuuma Januari 1965, Tanzania ilipowafukuza wanadiplomasia wawili wa Marekani, na ndivyo inavyotakiwa. Kifungu kizuri katika historia mbadala ni kile kinachotatua shida ya leo na kuleta ya mwaka kesho kutwa.

Safu ya Dar es Salaam ndiyo inayoachwa tupu mara nyingi, kana kwamba kupata eneo ni faida yenyewe. Faida gani? Shelisheli iliuza nje mbata, mdalasini na vanila. Mbata Tanganyika ilikuwa nayo, Mafia. Watu kwa sensa ya 1960 walikuwa zaidi kidogo ya 41,000, idadi ambayo tarafa chache za Kilimanjaro zingeifikia. Kwa hiyo sababu lazima iwe ya siasa: lile tangazo la Nairobi la Juni. Nchi inayotaka shirikisho inaonyesha kwamba inaweza kulea eneo dogo bila kulimeza. Nyerere mwaka 1960 alikwisha kusema yuko tayari kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili Afrika Mashariki iingie uhuru ikiwa moja. Mtu mwenye wazo hilo anaweza kukubali mzigo huu. Mtu anayetafuta ukubwa wa ramani hangeukubali, na hadithi ikimpaka Nyerere rangi hiyo itakataliwa na msomaji yeyote anayemjua.

Safu ya Mahé tutaifikia. Inahitaji nafasi.

Meli, saa na fedha

Vipimo vitatu hivi vifanye mwenyewe, kwa rula na hesabu, kabla ya kuandika mazungumzo ya mtu yeyote.

Umbali. Dar es Salaam hadi Mahé ni takriban maili za bahari 970, kama kilomita 1,800. Meli ya abiria ya mwendo wa noti 16 inatumia saa 61 hivi: siku mbili na nusu. Jahazi la noti 5 linatumia siku nane ikiwa upepo ni mzuri, na Julai kusi linapovuma upepo hautakuwa mzuri. Uwanja wa ndege wa Mahé ulifunguliwa 1971. Hii maana yake hakuna mhusika wako anayeruka kwenda huko katika miaka yote mitano ya hati. Afisa kutoka Moshi angepanda treni hadi Voi, abadilishe kwenda Mombasa, asubiri meli za Kampuni ya British India, zile Kampala na Karanja zilizokuwa zikipita Shelisheli kati ya Bombay na pwani yetu. Meli haiji kila wiki. Amri ya Dar es Salaam inaweza kufika kwa simu ya upepo asubuhi, lakini mtu wa kuitekeleza anafika baada ya wiki tatu. Pengo hilo ndilo chakula cha hadithi.

Aldabra iangalie peke yake. Iko kama kilomita 830 kutoka Dar es Salaam na kilomita 1,130 kutoka Mahé, kwa hiyo ni jirani zaidi kwetu kuliko kwa makao yake makuu. Waandishi wakiiona hivyo kwenye ramani hukimbilia kujenga mji. Aldabra ni mwamba wa matumbawe wenye makali, maji matamu ni haba mno, na wakazi wake wakuu ni makobe wakubwa wanaohesabika kwa makumi ya maelfu. Ukiweka pale watu elfu tano umewaua kwa kiu kabla ya sura kwisha.

Saa. Mahé iko mbele yetu kwa saa moja. Serikali changa hupenda nchi nzima iwe na saa moja, basi chukua kwamba Januari 1964 waraka unatoka kwamba saa ni ya Dar es Salaam. Jua litachomoza Mahé saa 11 na robo alfajiri. Kwa Mzungu hilo ni usumbufu mdogo. Kwa Mswahili ni kioja, kwa kuwa saa yetu inahesabu kutoka mapambazuko: saa moja asubuhi jua likiwa limepanda karibu saa mbili nzima, watoto wameshaamka zamani, shule haijafunguliwa. Mwalimu kutoka Machame ataliona siku ya kwanza. Kipande kama hiki kina nguvu kuliko kurasa tatu za hotuba, na hukipati mpaka ufanye hesabu.

Fedha. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikwenda 20 kwa pauni. Rupia ya Shelisheli ilikuwa shilingi 1 na peni 6 za Kiingereza. Kwa hiyo rupia 100 ni shilingi 150, hesabu rahisi inayowezekana kichwani dukani. Iache rupia itumike. Kuiondoa mwaka wa kwanza kungeleta vurugu zisizo na faida. Halafu tazama kushoto, Novemba 1967. Pauni inashuka, rupia inashuka nayo, Tanzania inakataa kushusha shilingi yake. Kutoka siku hiyo rupia 100 ni shilingi 128 na senti kama 60. Karani wa Kichaga anayelipwa kwa shilingi ameongezewa thamani ya mshahara kwa usiku mmoja, na mwenye duka wa Mahé anayelipia bidhaa kutoka Dar es Salaam ameumia. Kura ni miezi kumi na moja baadaye. Hukubuni chochote hapo. Historia ya kweli imekuandalia.

Tafuteni sarafu za zamani za senti kumi, zile zenye tundu katikati ambazo wazee walizitunga kwenye uzi. Nyingi zimebaki majumbani. Ishike mkononi: taji juu, jina la malkia limezunguka tundu. Sasa fikiria inawekwa kwenye kaunta ya duka pale Victoria, mji mkuu wa Mahé, mwaka 1963, na afisa wa jamhuri isiyo na malkia. Mwenye duka ataigeuza na kuuliza. Andika jibu la yule afisa.

Watu wa visiwani

Sasa safu ya nne. Wakazi wa Shelisheli wengi ni wazao wa watumwa, na wengi wa watumwa hao walitoka pwani hii yetu na bara nyuma yake. Kati ya 1861 na miaka ya 1870 manowari za Kiingereza zilishusha pale zaidi ya watu 2,000 waliotolewa kwenye majahazi. Halafu palikuwa mahali pa kufungia watawala wa Kiafrika: Mwanga wa Buganda alifia huko mwaka 1903, Kabalega wa Bunyoro alikaa miaka zaidi ya ishirini, Prempeh wa Asante alikaa mpaka 1924. Kwa hiyo msiandike kisiwa kisicho na Afrika ndani yake kikisubiri Afrika ifike.

Lakini pia msiandike kwamba watashangilia. Wanasema Krioli, iliyozaliwa na Kifaransa. Hawajui Kiswahili. Wengi ni Wakatoliki. Mashamba makubwa ya minazi na mdalasini yamo mikononi mwa familia chache zenye asili ya Kifaransa, na kura kabla ya 1967 ilikuwa ya wenye mali au kisomo, kwa hiyo mtu wa kawaida hajawahi kuulizwa lolote. Mwandishi anayeweka kura ya maoni mwaka 1963 na kuandika "wananchi walikubali kwa asilimia 80" ajibu: wananchi gani? Daftari la wapigakura lilikuwa halina wavuvi wala wapasua nazi. Ndiyo sababu hati yetu inaweka kura mwaka 1968, baada ya miaka mitano ya kuandikisha kila mtu mzima.

Kuna daraja dogo kati ya Kilimanjaro na Mahé ambalo ni zuri mno kuachwa. Mwaka 1963 misa ilikuwa bado Kilatini. Mwalimu kutoka Kibosho au Kilema akiingia kanisani Victoria Jumapili ya kwanza, hajui neno la Krioli, ataimba kila kitu pamoja nao kutoka mwanzo hadi mwisho. Akitoka nje ya mlango anakuwa bubu tena. Na jioni ataona kwamba tembo la mnazi, ambalo wao wanaliita kalou, linanywewa kwa utaratibu wake kama mbege ilivyo na utaratibu wake kwao.

Vyama vya siasa vya Mahé viwili vilizaliwa 1964, kimoja cha James Mancham kilichotaka kubaki na Uingereza, kingine cha France-Albert René kilichotaka kujitenga nayo. Katika historia ya kweli chama cha René kilisaidiwa na Dar es Salaam, na vijana waliofanya mapinduzi ya Juni 1977 walipata mafunzo Tanzania. Geuza hali: Tanganyika ndiyo inayotawala. René sasa anadai uhuru kutoka kwa nani? Mtu ambaye kweli alikuwa rafiki wa Dar es Salaam anaweza kuwa mpinzani wake mkuu bila kubadili hata neno moja la msimamo wake. Hapo ndipo jambo lote lilipolala. TANU iliwaambia Waingereza kwamba hakuna taifa lenye haki ya kutawala jingine kutoka ng'ambo. Kabla ya 1964 kwisha, mtu mmoja Mahé atalisema neno hilo hilo kwa ofisa wa TANU, kwa adabu, pengine kwa kusoma kutoka kwenye karatasi ya TANU yenyewe. Mpe ukurasa mzima. Msimpe ofisa jibu la haraka.

Kupitisha wimbi

Kanuni ni kwamba kwa miezi sita ya kwanza badiliko linagusa tu walioguswa nalo moja kwa moja. Mapinduzi ya Zanzibar yanatokea tarehe ile ile, kwa sababu mizizi yake iko Zanzibar, kwenye ardhi, uchaguzi wa Julai 1963 na mengine. Shelisheli haina mkono hapo. Maasi ya Januari nayo yanatokea, ila hesabuni askari. Kama mmepeleka kombania moja Mahé, hao kama mia wametoka kwenye kikosi kipi? Hawapo Colito au hawapo Tabora. Wakiwa Mahé watasikia maasi kwa redio, wakiwa na manung'uniko yale yale ya mishahara na maofisa wa Kiingereza, na hakuna meli ya kuwafikia. Njia salama zaidi ni kupeleka polisi, thelathini au arobaini, na kuliacha jeshi nyumbani.

Aprili 1964 mwenye kushika hati anabadilika jina. Msiipite kimya: Muungano uliorodhesha mambo kumi na moja ya pamoja, mambo ya nje na ulinzi yakiwemo. Shelisheli iko chini ya nani sasa, Muungano au upande wa Tanganyika? Mwanasheria mmoja Dar es Salaam lazima alale macho wiki hiyo.

Novemba 1965 Aldabra, Desroches na Farquhar haziwezi kukatwa na London, kwa kuwa haizishiki tena. Chagos inakatwa kama kawaida kutoka Mauritius. Hilo ni badiliko kubwa la kwanza nje ya visiwa, na limezaliwa kihalali.

Azimio likifika Mahé

Hiki ndicho kipimo cha hadithi yote, na ninyi mlioko Arusha mnayo bahati ya kukifanyia mahali pake. Nendeni Makumbusho ya Azimio, karibu na Mnara wa Mwenge, mkiwa na daftari. Someni Azimio lenyewe neno kwa neno, hasa sehemu ya masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha.

Sasa orodhesheni wajumbe wa baraza la Mahé mliowaweka ninyi wenyewe tangu 1964. Nani kati yao hana shamba, hisa wala nyumba ya kupangisha? Katika kisiwa kile wenye kisomo na wenye mali walikuwa karibu watu wale wale. Azimio likitekelezwa kama lilivyo, baraza linabaki na viti vitupu. Likiahirishwa, bara linauliza kwa nini mwenyekiti wa chama wa Hai aliyepoteza vyumba vyake viwili vya kupangisha hatendewi kama bwana wa Mahé mwenye ekari mia tatu. Tarehe 6 Februari mabenki yanataifishwa. Tawi la benki la Victoria linafunguliwa asubuhi hiyo au linafungwa? Kila jibu ni sura. Andikeni majibu mawili tofauti kwenye kurasa mbili za nyuma, kisha mchague lile linalosumbua watu wengi zaidi.

Mfano wa sentensi. Hii haifai: "Azimio la Arusha lilipokelewa kwa hisia tofauti visiwani." Haina mtu, haina kitu. Hii inafaa: "Mbiu ilipofika, msimamizi wa shamba aliwaambia wapasua nazi waendelee, akaenda ofisini, akavifunga vitabu vya mbata vya miaka mitatu kwa kamba ya usumba, na jioni ile vilikuwa ndani ya meli ya Bombay." Ya pili imetuonyesha hofu ya tabaka zima kwa kamba ya usumba.

Uhakiki

Ukimaliza, pitia ukurasa wa kulia peke yake, mwezi kwa mwezi, ukiuliza mambo matatu: huyu amefikaje, amelipwa kwa fedha gani, na habari hii ameipata siku ya ngapi. Sehemu nyingi zitakatika kwenye swali la tatu.

Halafu tafuta magazeti ya wakati ule, Uhuru na Ngurumo, kwenye maktaba kubwa, usome matoleo ya wiki mbili yanayozunguka kila tarehe yako kuu. Usisome habari kuu tu. Soma bei, matangazo ya meli, barua za wasomaji. Lugha ya wakati ule ilikuwa na maneno yake: "ndugu" kabla ya jina la kiongozi, "serikali ya wananchi". Mhusika wa 1964 asiongee kama mtangazaji wa leo.

Mwisho msomee mzee aliyezaliwa mwaka 1945 au kabla, kwa sauti, sura moja tu, ile ya mwalimu wa Kibosho akisafiri. Msomee polepole kuanzia stesheni ya Moshi. Akikukatiza kwamba treni ya Voi haikuwa inaondoka saa hiyo, au kwamba mfuko wa safari wakati ule ulikuwa sanduku la bati na si begi, simama hapo hapo, fungua daftari, urekebishe kwa kalamu ya bluu.